Kuku wa Isongole na Shokapu ya Baba

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa namna yake. Hamisi aliuliza kama nimeoa mke wa pili huko Ileje. Mama Neema aliuliza kama kuna msiba niliouficha. Niliaga kazini siku nne, nikarudi Morogoro baada ya siku kumi na tatu, nikiwa na kilo tano za maharage na suruali yenye doa la mafuta ambalo hadi leo halijakubali kutoka. Naandika mara moja ili nisirudie kusimulia, maana kila nikisimulia kuna mahali sauti inanikatika, na ninyi kwa utani wenu nawajua.

Basi kwanza mjue nilitumwa nini. Nilitumwa kuuza gari la baba.

Baba yangu, mzee Kibona, ana pikapu ya dizeli ambayo umri wake unanikaribia mimi. Pale Mbebe, kijijini kwetu Ileje, gari hilo limebeba mahindi, kahawa, wajawazito na majeneza. Miezi miwili kabla ya safari yangu, baba alikuwa akiteremka kilima kile cha kanisani, gari likamtoka, likaingia kwenye uzio wa mianzi wa mzee wa kanisa. Hakuna aliyeumia, ila mbuzi mmoja alikimbia akapatikana kesho yake. Ukoo ukakaa kikao. Shangazi Subilaga, dada mkubwa wa baba, akasema mikono ya kaka yake imeanza kutetemeka na watu watakufa. Baba akasema si mikono, ni gari linalotetemeka, na kuna kifaa anakisubiri. Wakacheka kidogo. Kila mzee husema hivyo.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno, lakini siku ile liliharibika, kwa sababu katika wale watu kumi na wawili ukimtoa baba mwenyewe, hapakuwa na hata mmoja anayejua kuendesha gari. Anayejua ni mimi tu, nami nilikuwa hapa Morogoro, nimewekwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Wakaniuliza, "Lusekelo, wewe ni dereva, unasemaje?" Nilikuwa nakula. Nikasema, "Shangazi yuko sahihi. Baba apumzike." Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari chini ya kalenda ya kanisa, sebuleni, na hakuna aliyeugusa mpaka nilipofika.

Mbebe hadi Isongole

Nilikuta baba amepungua. Si mwili, ni namna ya kukaa. Alikuwa amevaa koti lile zito, mikono ndani ya mifuko, na jua lilikuwa linawaka. Mama alipommiminia chai, baba alitoa mkono mmoja haraka, akafunika kikombe kilipofika nusu. "Inatosha," akasema, kisha akasubiri nitazame pembeni ndipo akakinyanyua. Mama alinitazama. Asubuhi iliyofuata ikawa vilevile, nusu kikombe, na mimi kutazama pembeni.

Nilipoutoa ufunguo msumarini hakuinuka. Alinifuata hadi mlangoni tu.

"Ukifika arobaini, lishike sana," alisema.

"Nitalishika, baba."

"Mkono wa kushoto ndio utakaoanza kusikia."

Nikaitikia ndiyo, kama mnavyomwitikia mtu mnayetaka amalize. Sikuelewa alichosema, wala sikuwa na nia ya kuelewa. Kichwani mwangu alikuwepo mnunuzi wa Tunduma, mfanyabiashara wa mbao, aliyekwisha kunipigia simu mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi.

Barabara ya vumbi toka Mbebe haikupi nafasi ya kwenda mbio. Nilishuka gia ya pili, gia ya tatu, tena ya pili. Kwenye kilima cha kanisani niliuona uzio, umekwisha kurudishiwa mianzi mipya ya kijani. Gari lilikuwa shwari. Nikajisemea, unaona? Gari halina neno.

Isongole nilisimama kunywa chai na mihogo ya kukaanga. Mama aliyeniuzia alipokea noti yangu na chenji akanirudishia nusu shilingi nusu kwacha, bila kuomba radhi, maana Malawi iko pale ng'ambo ya mto. Nikaingia lami.

Isongole hadi Tunduma

Lami ile ni nzuri, na dereva wa mjini akiona lami nzuri mguu wake huwa mzito. Thelathini, arobaini, hamsini kasoro. Mbele palikuwa na kiraka kidogo, si shimo, ni mahali palipozibwa pakavimba. Gurudumu la kushoto likapanda kiraka, na mkono wangu wa kushoto ukahisi kitu, kama mtu anagonga mlango mara mojamoja. Kabla sijajua ni nini, usukani ukanipokonya mikono. Ulikuwa unakwenda kushoto na kulia kwa kasi ambayo siwezi kuieleza, dashibodi inapiga kelele, kioo cha pembeni kimelala. Nikakanyaga breki, ikazidi. Mbele yangu pembeni mwa barabara walikuwepo akina mama wawili na ndoo zao za parachichi.

Walikimbia. Nashukuru Mungu walikimbia. Gari lilisimama nusu lami nusu majani, ndoo moja chini ya bampa, parachichi zimetapakaa hadi ng'ambo. Niliteremka kuomba msamaha.

Mmoja wao, mtu mzima aliyejifunga kitenge kiunoni, alikuja polepole akalitazama gari, si mimi.

"Hii si gari ya mzee Kibona?"

"Ndiyo, mama. Mimi ni mwanawe."

"Ndivyo inavyofanyaga. Siku ile alikuwa amenibeba mimi na viazi vyangu, ikatetemeka hivihivi. Yeye hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akashika, ikanyamaza yenyewe. Kisha akateremka akatuomba radhi sisi abiria." Akanitazama sasa. "Wewe mbona umekanyaga?"

Nilikaa kwenye majani. Nikatazama mikono yangu juu ya magoti, nayo, jamani, ilikuwa inaruka kama ya mwenye homa. Ina miaka arobaini na mitatu mikono hii. Baba, mwenye sabini na minne, aliyashinda matetemeko haya kwa miezi, akiwa amebeba watu, na siku moja tu ya mteremko yalipomshinda tukamwambia yeye ndiye anayetetemeka. Mimi, dereva wa ukoo, ndiye niliyetia muhuri, mdomo ukiwa na ugali.

Sikulia pale. Niliokota parachichi.

Kuanzia hapo hadi Mpemba nilikwenda mwendo wa maandamano ya kwaya. Baiskeli yenye gunia la mkaa ilinipita, mwenye baiskeli akanipungia na kusema, "Mwenda pole hajikwai, mzee!" Mpemba nikakata kushoto nikaingia kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na huko angalau hakuna aliyeniona wa ajabu, kwa sababu pale wote tunakwenda mwendo mmoja.

Chapwa

Mnunuzi alinipigia nikiwa bado foleni. Nikamwambia gari haliuzwi. Nilijisikia nikisema hivyo kabla sijaamua. Baada ya dakika chache akanipigia shangazi Subilaga, maana huko kwetu habari haingoji foleni.

"Lusekelo, wewe ulitumwa kuuza. Nani amekutuma kutengeneza?"

"Shangazi, gari ndilo linalotetemeka."

"Baba yako amekulisha nini?"

Nikamwambia nitarudi nalo hukohuko, aje alione. Alikata simu. Hivyo mjue nilichokuwa nacho mkononi tangu pale: ama nirudishe gari lililotulia, ama niwe nimevunja neno la ukoo kwa ajili ya kisingizio cha mzee.

Mama wa hotelini, pale mtaa wa Chapwa, Tunduma, aliyeniuzia wali na maharage na mchicha uliopikwa kwa karanga, ndiye aliyenielekeza kwa fundi Shabani. Ni mtu wa Kondoa aliyelowea Tunduma, kanzu yake safi imetundikwa kwenye mlango wa kontena la vifaa, na ovaroli lake jeusi kwa grisi. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Dereva wake yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyelileta. Nimeuliza dereva."

Huyu bwana ana desturi moja. Gari la zamani haligusi mpaka aongee na mtu aliyezoea kuliendesha. Anasema gari jipya linaeleza lenyewe kwa taa za dashibodi, lakini la zamani lina mkalimani mmoja tu. Nikampigia baba, nikafungua spika. Ndiyo, spika, kama siku ya kikao. 

"Shikamoo mzee wangu," fundi akaanza. "Naitwa Shabani, nipo na gari lako hapa."

"Marahaba. Mimi si dereva tena, fundi. Muulize Lusekelo."

"Lusekelo kaniambia linatetemeka. Hata kipofu angeniambia hivyo. Nieleze wewe."

Ndipo sauti ya baba ikatoka, mwanzoni taratibu, halafu ikapata nguvu. Linaanza arobaini. Haliwezi kuanza kwenye barabara nyororo, linataka kigongo, na kigongo kiwe upande wa kushoto. Ukikanyaga breki linaongezeka. Ukiwa umebeba mzigo mzito nyuma ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mbele kunakuwa kwepesi. Siku ya uzio alikuwa na magunia tisa ya mahindi. Alikuwa ameona mafuta yakichuruzika mbele, kwenye shokapu ya stelingi, akaipangusa, kesho yake ikawa imelowa tena.

Fundi Shabani alikuwa amefumba macho kama anasikiliza kaswida. "Mzee," akasema, "umemaliza kazi yangu. Allah akupe umri."

"Ndaga," baba akajibu, asante ya kwetu, na simu ikakatika.

Kwa wale ambao magari mnayaona kwa nje tu: shokapu ya stelingi ni kipande kama pampu ya baiskeli, kinalala mbele chini, kati ya ekseli na fimbo inayogeuza magurudumu. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasiruke ovyo na kuurusha usukani. Fundi aliifungua, akaivuta na kuisukuma kwa vidole viwili. Ilikwenda na kurudi bila ubishi wowote. "Hii imekufa zamani," alisema. Lakini hakuishia hapo. Aliinua gari kwa jeki, akayatikisa magurudumu, akakuta tairodi moja, ncha ya ile fimbo ya kugeuza magurudumu, imelegea.

"Hii nabadilisha leo, zipo. Nisipobadilisha, hiyo shokapu mpya itakuwa inamziba mgonjwa mdomo tu. Shokapu nenda katafute. Ya gari la umri huu hapa sina."

Akaikunja ile mbovu, akaifunga kamba isifunguke njiani, akaiviringisha gazeti. "Usinunue bila kulinganisha," akasema.

Ng'ambo, Nakonde

Tunduma na Nakonde ni kama nyumba mbili zilizojengwa ukuta mmoja. Unatembea, unauliza bei kwa shilingi, unajibiwa kwa kwacha, ukigeuka uko nchi nyingine. Nilizunguka siku mbili. Tunduma nilipewa zenye pini badala ya matundu, nyingine nene kama paja. Siku ya pili nikavuka.

Lile gazeti lilikuwa limelowa mafuta, na mafuta yakapita kwenye suruali, hilo ndilo doa. Mbwa mmoja alinifuata tangu kwenye vibanda vya samaki. Mama mmoja muuza matembele akaniuliza kwa siri kama ni nyama ya pori, na kama ninayo nyingine. Nilipofungua kumwonyesha chuma, alikasirika kama nimemdhulumu.

Muuza spea mmoja wa Nakonde, kijana mchangamfu anayesema "mukwai" kila mwisho wa sentensi kwa heshima ya Kibemba, aliingia ndani akatoka na shokapu yenye matundu pande zote. Akailaza sambamba na yangu.

"Bakalamba, mzee wangu, tazama mwenyewe. Iko sawasawa, mukwai."

Kweli zilikuwa sawa, hata unene. Niliishika, ina ubishi mzuri, haina mafuta nje. Nikarudi Chapwa nikitembea kifua mbele. Nilikula njiani samaki mzima na ugali, nikijipongeza.

Fundi Shabani aliifunga kwa nusu saa. Kisha, gari likiwa bado juu ya jeki, akaingia akauzungusha usukani kulia mpaka mwisho. Vizuri. Akauzungusha kushoto. Ulifika katikati ya safari ukagoma, ko! Akajaribu tena. Ko! Akashuka bila kunitazama, akaifungua, akaivuta mpaka mwisho kando ya ile ya zamani iliyofunguliwa kamba. Zilizokuwa sawa zikiwa zimekunjwa, zikivutwa moja ilipungukiwa na upana wa kiganja.

"Ndugu yangu, kona ya kwanza ya kushoto huko kwenu milimani ungekwenda moja kwa moja mpaka Malawi."

"Lakini nililinganisha!"

"Ulilinganisha kitu kilichofungwa kamba. Mimi nilifunga kwa ajili ya safari, sikufunga kwa ajili ya soko."

Nilikuwa nimefanya tena lilelile: nimeangalia kitu kimekunjwa, kimefungwa, nikadhani nimekijua chote. Fundi alichukua uzi wa nailoni, akapima kwenye ile ya zamani, akafunga fundo la kwanza kwa urefu ikikunjwa, fundo la pili ikivutwa. "Sasa tembea na huu. Huu hauna cha kuficha." Kisha akauliza, "Gari kama hili, pacha wake, huko kwenu halipo?"

Nikampigia baba. Safari hii alijibu haraka, kana kwamba alikuwa ameishika simu.

"Nenda Isongole kwa mzee Mbughi. Lake limelala nyuma ya nyumba. Injini ilikufa, lakini mbele kote kulikuwa kuzima."

"Mbona hukuniambia siku ya kwanza, baba?"

"Hukuniuliza," akasema. Hakusema kwa hasira.

Isongole, kwa mzee Mbughi

Nilirudi Isongole kwa basi dogo, na spana za kuazima ndani ya begi. Mzee Mbughi ni rika la baba. Alinikaribisha, akaniongoza nyuma ya nyumba, na pale palikuwa na pacha wa gari letu, rangi imeliwa na jua, majani yamefika milangoni. Niliona shokapu yake kwa kuinama tu. Kavu. Nikatoa uzi, nikatoa jeki.

"Weka chini hiyo jeki!"

Alikuwa mke wa Mbughi, mama mfupi mwenye sauti ndefu. Akafungua mlango wa gari taratibu. Juu ya kiti cha dereva, ndani ya majani makavu, kuku mwekundu alikuwa ameatamia, ananitazama kwa jicho moja.

"Mayai kumi na mawili. Ukilitikisa gari atayakimbia, na akiyakimbia sasa yamekufa. Zimebaki siku tatu, nne."

Nilimtazama mzee Mbughi. Mzee Mbughi alitazama milima.

"Mama, baba yangu..."

"Baba yako namheshimu. Kuku naye ana watoto."

Hivyo ndivyo nilivyokaa Isongole siku nne, Hamisi, ukitaka kumjua huyo mke wa pili, ndiye huyo mwekundu. Nilipukuchua maharage yao, ndiyo mliyokula ninyi. Nilikula ndizi za kupikwa na maharage, kande, viazi, tena ndizi. Kila asubuhi nilikwenda dirishani kumjulia hali mama kuku, naye kila asubuhi alinifumbia jicho.

Siku ya tatu, tukipukuchua, mzee Mbughi alisema bila kuinua kichwa, "Baba yako alikuja hapa."

"Lini?"

"Wiki moja kabla ya huo uzio. Aliinama palepale ulipoinama wewe. Akaniomba hiyo shokapu." Akatupa maganda. "Nikamwambia aje wiki ijayo. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa naona wivu kidogo, kwa nini lake linatembea na langu kuku wanalalia. Wiki ijayo ikafika, nikasikia mmemchukulia ufunguo. Nikasema, ah, basi, hata akipewa ataifunga wapi. Nikanyamaza."

Kifaa anachokisubiri. Niliyasikia maneno hayo mwenyewe kwenye simu, nikatafuna.

"Mzee, na mimi nilikuwemo kwenye kikao," nikasema.

"Najua. Alinipigia akaniambia. Alisema, 'Hata Lusekelo amekubali, basi labda kweli ni mikono.'"

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba. Huko ndiko nililia, nimeegemea mlango wa gari bovu, kuku akinitazama. Sina aibu kuwaambia. Baba yangu aliijua mikono yake miaka sabini na minne, akaacha kuiamini kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Vifaranga walitoka siku ya nne asubuhi, tisa. Mke wa Mbughi akawahamishia kwenye tenga kwa sherehe zote, ndipo akanipa mkono wa ruhusa. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazilowesha dizeli, nikasubiri, nikapigana nazo hadi saa tisa alasiri. Shokapu ilipotoka nikapima. Fundo la kwanza, sawa. Nikaivuta. Fundo la pili, sawa.

Nilipouliza tunalipanaje, mzee Mbughi alitikisa kichwa.

"Siku likipita hapa, lisimame, lipige honi. Lakini si wewe. Yeye."

Chapwa tena, na kupanda Mbebe

Fundi Shabani aliisimamisha wima, akaisukuma na kuivuta mara nyingi kuondoa hewa, akatia bushi mpya za mpira kwenye matundu, akaifunga. Usukani kulia mpaka mwisho. Kushoto mpaka mwisho. Tulikwenda wote wawili mpaka barabara ya Mpemba, na makusudi nikapandisha kigongo gurudumu la kushoto nikiwa hamsini. Mkono wangu ulisikia pigo moja dogo, kisha kimya. Fundi akasema, "Msalimie dereva."

Pale kwenye kiraka, yule mama wa parachichi alinipungia. Pale kwenye kiraka, yule mama wa parachichi alinipungia.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya koti. Nilimnyooshea ufunguo.

"Baba, lilikuwa gari. Nisamehe."

Aliutazama ufunguo. Hakutoa mkono. "Ulichukuliwa na kikao. Utarudishwa na kikao. Tundika."

Nikautundika chini ya kalenda. Kesho yake ukoo ukakaa, watu walewale kumi na wawili, na safari hii mimi nilikuwa nimesimama katikati na si kwenye simu. Niliwaeleza kiraka, breki, kamba, uzi, kuku. Walicheka kwenye kuku. Kisha nikasema, "Mliniuliza mimi kwa sababu ni dereva. Nilijibu bila kuligusa gari. Kosa ni langu." Nikakaa.

Shangazi Subilaga aliinamisha kichwa, akachezea pindo la khanga. "Na sisi tulitazama mikono tu," alisema. "Kaka, tutoze faini."

Watu walitegemea jogoo, maana ndiyo faini ya kikao. Baba alifikiri.

"Faini yenu ni kupanda. Wote mlioketi. Mpaka Isongole na kurudi."

Shangazi, mwenye miaka karibu themanini, alikuwa wa kwanza kuinuliwa kwenye bodi. Alikataa kukaa mbele, akasema faini haikai kwenye kiti. Mimi nilikaa mbele kushoto. Baba alivua koti, akalikunja, akanipa nilishike. Kwenye kilima cha kanisani nilisikia nyuma wameanza wimbo wa tenzi kwa sauti za woga, na barabara pale ina vigongo mpaka chini. Baba aliteremka navyo kimoja kimoja. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama nyuma ya mianzi yake mipya. Akatupungia kofia.

Mbele ya nyumba ya mzee Mbughi baba alisimama akapiga honi, ndefu, mpaka kuku mwekundu akakusanya watoto wake. Tukaletewa mkeka na chai. Mke wa Mbughi alianza kwa baba, na kikombe kilipofika nusu aliinua birika, kwa kuwa habari za nusu kikombe zilikuwa zimefika mpaka kule.

"Jaza, shemeji," baba akasema.

Akajaza, hadi ukingoni. Baba hakukinywa. Aliinuka nacho, akavuka uwanja mzima mbele ya macho yetu sote, vifaranga wakimpita miguuni, mpaka kwa dada yake aliyekaa ukingoni mwa mkeka, akamkabidhi. Halikumwagika hata tone.